Siku Daftari la Kukhu Lilipopanda Hewani

Mama yangu alianza kununua na kuuza nafaka hapa mpakani Busia, upande wa Kenya, kabla sijaolewa, na hesabu zake zote zimo katika madaftari ya shule, yale ya jalada gumu, ambayo huyafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukurasa wa kushoto ni wa bei. Wa kulia ni wa watu. Bei anaziandika kwa wino: mahindi ya Mulanda, njugu za Nagongera, maharage, magunia mangapi, kiasi gani kwa pesa ya Uganda, kiasi gani kwa pesa ya Kenya. Watu anawaandika kwa penseli. Deni likilipwa analifuta mpaka karatasi inang'aa, anapuliza mabaki ya kifutio, na kuanzia hapo mtu yule hajawahi kukopa kwake. Sijamwona hata siku moja akiuacha wazi ukurasa wa kulia mbele ya mteja.

Wajukuu humwita Kukhu, na mtaa wetu wote wa Burumba umelishika jina hilo, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Mdogo wangu ameolewa Tororo, Uganda, na ndiye mkono wa Kukhu wa ng'ambo. Ananunua kwa wakulima, anaanika, anapakia. Kukhu anapokea na kuuza upande huu. Biashara ni moja, nyumba ni mbili, nchi mbili. Ndiyo maana binti yangu na mtoto wa mdogo wangu, wote wawili wanafunzi wa chuo, mmoja huku na mmoja kule, walipoamua kuingia shindano la wanafunzi la kutengeneza programu za wavuti, hawakwenda mbali kutafuta wazo. Walilikuta sebuleni, limefungwa kwa tyubu.

Asiyeishi mpakani anaweza kudhani bei ya gunia ni bei ya gunia tu. Lakini gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, na Uganda kilo 100. Rejareja huku ni kopo la gorogoro, kule ni kilo. Shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi 20 za Uganda, na hiyo "zaidi" ndiyo inayomtajirisha mmoja na kumfilisi mwingine, maana haitulii. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na kabla ya Aprili ikawa imerudi karibu 130. Aliyenunua mahindi kwa kiwango cha wiki moja na kuuza kwa kiwango cha wiki nyingine alijikuta ama ameokota pesa njiani ama ameitupa. Wanawake wanaovusha magunia machache machache hawana wa kuwapigia hesabu hizo. Wanabadilisha fedha barabarani, wanakisia, wanavuka.

Wazo la watoto lilikuwa ukurasa mmoja wa simu ambamo mama wa soko angeandika amenunua kiasi gani, kwa kipimo gani na kwa pesa ipi, naye aone mara moja kitakachobaki mkononi akiuzia upande wa pili. Na sharti lao, ambalo binti yangu alilishikilia tangu mwanzo, ni kwamba ukurasa huo ufunguke hata kama simu haina bando. Hapa jambo hilo si anasa. Ukitoka Burumba ukafika Sofia, upande wa Uganda, mwendo wa dakika chache tu kwa mguu, simu huacha mnara wa huku na kushika wa kule. Bando ulilonunua asubuhi linabaki kwenye laini isiyosikia tena. Wafanyabiashara wengi hubeba laini mbili na kuzibadilisha juani, kadi ndogo ikiwa katikati ya meno.

Walikuwa na watu wa kuwatazamia. Binti yangu alimsimulia Kukhu habari za wasichana watano wa Kisumu Girls waliojiita The Restorers, ambao mwaka 2017 walifika fainali za shindano la Technovation huko Marekani kwa programu yao ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Akamwambia habari za M-Farm, iliyoshinda shindano la IPO48 jijini Nairobi mwaka 2010, kazi ya kina dada watatu waliotaka mkulima ajue bei ya soko bila kumtegemea dalali. Kijana wetu wa Tororo naye akaleta ya kwao: wanafunzi wa Makerere waliotengeneza Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, na kutuzwa kwenye shindano la Imagine Cup la 2013 kule Urusi. Kukhu alisikiliza yote huku akipepeta choroko. Alipenda zaidi ile ya dalali. Akasema kama ni hivyo, wachukue bei zake zote wakazitumie, kwa sababu shindano liliwataka waonyeshe programu ikifanya kazi kwa takwimu za kweli.

"Chukueni bei," alisema. Nilikuwepo, na nakumbuka ni bei tu alizozitaja.

Daftari likifunguliwa linaonyesha kurasa mbili kwa mpigo. Walilipiga picha kwa simu, jani kwa jani, jioni ile ile, na kijana akarudi Tororo na picha zake. Usiku kucha aliingiza kila alichokiona, kushoto na kulia, kwa bidii ambayo kwa kweli siwezi kumlaumu kwayo. Binti yangu alipanga safu za hifadhidata: tarehe, bidhaa, kipimo, bei ya kununua, bei ya kuuza, jina, kiasi kilichobaki. Walikusudia kuifuta sehemu ya watu kabla ya kuonyesha mtu yeyote. Kisha asubuhi ukurasa ukafunguka vizuri kwa mara ya kwanza, wa kijani, unaopendeza, na furaha ikawashinda. Linki ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia ili watu waijaribu.

Kundi letu lina shangazi wa Nambale, binamu wa Kampala, wajomba wa Nairobi na mke wa kaka aliyeko Muscat. Lina pia mama mdogo mmoja ambaye yumo kwenye kundi la wanawake wa soko. Kabla ya adhuhuri linki ilikuwa Sofia.

Wa kwanza kuja nyumbani alikuwa mzee jirani yetu. Alikuwa amechukua madebe mawili ya maharage tangu Krismasi, na alikuwa akilipa kidogo kidogo, kwa siri, kwa heshima zote. Alibisha hodi, akakaa, akatoa noti zilizokunjwa kutoka mfuko wa shati na kuziweka mezani moja moja, akizinyoosha kwa kiganja. Hazikutosha deni lote. Alisema, "Mama, nimeambiwa hata mimi niko kwenye kompyuta." Kukhu hakuelewa. Nilileta chai. Mzee aliitazama, akashukuru, akainuka bila kuigusa.

Kwetu mtu akikataa chai ya nyumba aliyoizoea miaka na miaka, amesema yote. Kukhu alikitazama kikombe kile mpaka utando ukajitanda juu, ndipo akamwita mjukuu wake amwonyeshe kuna nini kwenye hiyo kompyuta. Binti yangu alifungua. Kushoto bei. Kulia watu, majina kamili, kama yalivyoandikwa kwa penseli, ila sasa kwa herufi nyeusi zisizofutika kwa kifutio. Kukhu hakupaza sauti. Alisema tu, "Deni ni siri ya watu wawili. Mimi na yeye. Nyinyi ni wa tatu, na hao wengine ni wa ngapi?"

Simu ikalia. Ni mdogo wangu kutoka Tororo, na hakuwa amepiga kwa ajili ya watu. Alikuwa ameona safu nyingine.

Programu, kama ilivyoandikwa, ilichukua bei ya kuuza, ikaondoa bei ya kununua, ikaandika tofauti kwa rangi ya kijani chini ya neno "Faida". Ilifanya hivyo kwa kila mzigo ambao mdogo wangu aliwahi kuutuma. Miaka yote hiyo yeye alilipwa kwa kila gunia kiasi walichokubaliana na Kukhu, akiamini kinachobaki Busia ni cha chumvi tu. Sasa alikuwa ameketi jikoni kwake akisoma tarakimu za kijani, moja juu ya nyingine.

"Mama," alisema, na sote tulimsikia kwa sababu simu ya Kukhu haijui kunong'ona, "hii ya kijani ni ya nani?"

Sitaandika yote yaliyosemwa. Mama na binti wakigombana kuhusu pesa huwa hawagombani kuhusu pesa tu. Yanaingia ya harusi, ya mazishi, ya nani alimuuguza nani. Mdogo wangu aligoma. Alisema mzigo uliokwishaanikwa hautaondoka Tororo hadi aelezwe. Mwanawe, aliyeketi chumba cha pili na laptopu mapajani, alisikia biashara ya familia ikisimama kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo alioandika yeye, wa kutoa hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Tuanze na kufuta, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Watoto waliondoa majina kwenye seva kabla jua halijatua. Binti yangu akafungua ukurasa kwenye simu yangu kuthibitisha. Majina yalikuwepo. Akafungua kwenye simu ya Kukhu. Yalikuwepo. Akanitazama, uso umempauka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ni ile ya kufanya kazi bila bando."

Programu ya namna ile, ukiifungua mara ya kwanza ukiwa na intaneti, huacha nakala yake ndani ya simu: maandishi, picha, tarakimu, kila kitu. Ukirudi huna bando, inakufungulia nakala hiyo, nawe huoni tofauti. Hilo ndilo walilokuwa wakijivunia. Nakala haijui kwamba huko kwenye seva kuna jambo limebadilika mpaka simu ikutane na intaneti tena na ukurasa ufunguliwe. Na hata hapo, jinsi walivyokuwa wameiandika, toleo jipya lilisubiri ukurasa ufungwe kabisa na kufunguliwa upya ndipo lishike nafasi. Kwa hiyo majina ya wadeni wa Kukhu yalikuwa yamelala ndani ya simu za soko zima, pande zote za mpaka, na hakukuwa na namna ya kuyaita yarudi kutoka Burumba.

Kukhu alivaa kitenge chake cha kanisani. Alisema twende.

Tulienda nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda. Kukhu mbele, binti yangu nyuma yake na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mimi nikibeba kibeti. Kila mahali Kukhu alisalimia kwanza, salamu ndefu, ya mama, ya mifugo, ya mtoto aliyeko shule. Kisha aliomba simu. Binti yangu alimnunulia mwenye simu bando la siku, akafungua ukurasa, akausubiri, akaufunga, akaufungua tena, akamwonyesha Kukhu kwamba upande wa kulia sasa ni mtupu. Kukhu alitazama kwa macho yake mwenyewe kila simu. Hakukubali kuambiwa.

Muuza mayai mmoja upande wa Sofia alikuwa hajui hata kama aliwahi kufungua linki ile. Ilikuwemo. Wabebaji wa mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wale ndugu zetu wenye ulemavu wa miguu ambao huzungusha pedali kwa mikono na kuvusha bidhaa za nusu ya soko, walikuwa wameifungua karibu wote, kwa sababu mmoja wao aliona jina la mwenzake. Aliyeonekana jina alikuwa ameinamisha kichwa. Kukhu alimwita pembeni, wakaongea, sikuwasogelea. Mwanamke mmoja alikataa katakata kutoa simu yake. Alisema ameupenda ukurasa huo, unamsaidia kujua nani wa kukopeshwa na nani si wa kukopeshwa. Kukhu aliketi kwenye gunia lake la mtama na kusema hana haraka. Wateja walikuja, wakamkuta Kukhu, wakasalimiana naye, wakaondoka. Mwishowe yule mama akaitoa simu.

Usiku, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, binti yangu alimsomea bibi yake habari za sheria. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka mmoja, 2019. Zinataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lile tu zilizokusanyiwa, na zinampa haki ya kudai zifutwe. Kukhu aliuliza kama sheria hiyo inasema pia lazima uende mwenyewe mpaka kwa mtu na kumwomba radhi. Haisemi. Mimi naziunga mkono sheria hizi kwa moyo wote, na ningependa kila kijana anayejifunza kuandika programu azisome kabla hajaandika fomu ya kwanza ya kujaza jina. Lakini naamini pia kwamba mwanamke asiyejua seva ni nini alikuwa na utaratibu ulio bora kuliko wa kampuni nyingi kubwa: andika yanayohitajika tu, usimwonyeshe mwingine, na jambo likiisha, futa mpaka karatasi ing'ae.

Lilibaki suala la kijani.

Mdogo wangu alikuja Jumamosi. Hakupitia mlango wa jikoni kama kawaida yake. Alipitia wa mbele, kama mgeni. Mwanawe alikuwa nyuma yake na laptopu. Kukhu aliweka madaftari mezani, akakohoa, akamwambia kijana, "Andika. Umeandika nilichonunua na nilichouza. Hujaandika nilichopoteza."

Akaanza kutaja. Mbebaji wa baiskeli ya magurudumu matatu, kila safari. Vibarua wa kupakua. Ushuru wa soko. Magunia matupu, kwa sababu gunia la kilo 100 huku linafungwa upya kuwa la 90. Turubai la kuanikia, maana kipimo cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mahindi yaliyofika mabichi yakikauka hupungua uzito, na uzito uliopungua mteja halipii. Hati ya mzigo mdogo, ile rahisi ya bidhaa zisizozidi dola 2,000, ambayo siku hizi imepunguza gharama. Hilo Kukhu alilitaja kwa haki yake. Alisema pia tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Februari 2018, ukawa unasimama mara moja tu badala ya mbili, saa zake za kungoja zimepungua sana, na muda nao waandikwe.

Kisha akafungua Machi 2021. Tarehe 5 mwezi ule Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, ila kwa masharti, na mojawapo lilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Magunia ya Kukhu yalikuwa upande wa Uganda, yamekwishalipiwa. Mvua ilianza kabla ya cheti kupatikana. Ukurasa wa kushoto wa wiki zile una neno moja tu, limeandikwa kwa wino na kupigiwa mstari: "Kuku." Aliyauza kwa wafugaji wa kuku, kwa bei ya chini mno. Mdogo wangu alikuwa amelipwa fedha zake zote za mzigo ule. Hakuwahi kujua nani aliibeba hasara.

Kijana aliandika safu mpya, "Gharama", na nyingine, "Hasara". Akabonyeza. Kijani kikapungua kwenye kila mstari, na Machi 2021 ikawa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Mdogo wangu alisogeza kiti karibu na mama yake ili aone vizuri.

Ila kijani hakikuisha. Hili nalisema kwa sababu lingeweza kusimuliwa kana kwamba Kukhu alitakaswa na hesabu. Njugu za Nagongera, hasa, zilikuwa zimemlipa vizuri misimu mingi, zaidi ya alivyowahi kusema, na hata baada ya gharama zote faida ilibaki pale, wazi. Kukhu aliitazama. Alisema hiyo ni jasho lake. Mdogo wangu akasema jasho la kuinama shambani Nagongera ni la nani? Wakanyamaza wote wawili. Chakula kililiwa. Jioni, Kukhu alimwambia kijana aongeze safu moja zaidi, aiite "Tororo", na kuanzia mzigo unaofuata theluthi ya kijani cha njugu iende humo. Mdogo wangu alitaka nusu. Mjadala huo unaendelea mpaka leo, lakini mahindi yaliondoka Tororo Jumatatu.

Ikaja siku ya mwisho ya kuwasilisha. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Kijana alikuwa amerudi kwao kwa ajili ya mtihani, na toleo lililosafishwa lilikuwa kwenye laptopu yake, ambayo betri yake ilikufa zamani na hufanya kazi ikiwa tu imechomekwa ukutani. Alasiri alianza kupakia. Alasiri hiyo hiyo wingu likasimama juu ya Mwamba wa Tororo.

Watu wa Tororo hawachezi na wingu hilo. Mji huu umo katika vitabu vya rekodi: kati ya 1967 na 1976 ulisikia ngurumo wastani wa siku 251 kwa mwaka. Ziwa Victoria liko kusini na unyevu wake, Mlima Elgon kaskazini, na joto la mchana huinua hewa hiyo mpaka ipasuke. Radi haihitaji kupiga nyumba yako ili ikuharibie. Inapiga waya mbali, na msukumo wake unakimbia kwenye nyaya na kuingia kila nyumba yenye kifaa kilichochomekwa. Kuzima swichi hakutoshi; plagi lazima itoke ukutani. Katika nyumba ya mdogo wangu sheria ni moja: wingu likifika Mwamba, kila kitu kinachomolewa.

Alipita chumba kwa chumba. Jokofu. Televisheni. Ruta. Laptopu ikazimika mikononi mwa mwanawe upakiaji ukiwa umevuka nusu. Alilia, kijana wa miaka ishirini, akimwambia mama yake kwamba bado dakika chache tu. Naye alisimama na nyaya mkononi, akakataa. Radi ilipiga muda si mrefu. Nyumba ya pili, ambayo haikuchomoa, iliungua televisheni na chaja zote. Umeme wa mtaa mzima ukakatika, na haukurudi.

Mdogo wangu ndiye aliyempa nauli. Kijana aliifunga laptopu kwa kaveera mbili nene za plastiki, akaiweka kifuani chini ya koti, akapanda boda mpaka Malaba mvua ikimpiga. Malaba, kwenye ukumbi wa kuvuka, alionyesha kitambulisho chake cha taifa, kinachotosha. Kisha akaambiwa kaveera hazivuki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na sheria ni sheria hata saa mbili usiku kwenye mvua. Alizivua palepale. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa kwenye foleni, aliyeyaona yote, alimpa kipande cha turubai. Akaingia matatu, akapita Adungosi, akapita Alupe, akabisha hodi Burumba akiwa ameikumbatia laptopu ndani ya turubai linalonuka dizeli.

Kwetu umeme ulikuwepo. Mtandao ulikuwa ukisuasua. Binti yangu aligundua kwamba simu ikiwekwa juu ya dirisha la jikoni inashika vizuri, lakini hapakuwa na pa kuiweka, basi Kukhu akaishika. Alisimama pale, mkono juu, akiubadilisha na mwingine ulipochoka, bila kuongea, akiitazama alama ya upakiaji kwenye laptopu ikisogea. Video ya maelezo ilikuwa nzito, ikabidi waipunguze. Ilifika. Ujumbe wa kupokelewa uliingia kabla ya saa sita, na Kukhu aliposhusha mkono alihitaji kukandwa bega.

Waamuzi waliwahoji kwa video wiki zilizofuata. Niliketi nyuma ya pazia nikasikia. Waliuliza habari za fedha, za ramani, za rangi. Kisha mwamuzi mmoja mwanamke akauliza: mtumiaji akitaka afutwe, anafutwaje, na mna hakika gani kwamba amefutwa? Binti yangu hakusita. Alieleza kwamba sasa madeni hayatoki kabisa kwenye simu ya mwenye daftari, hayapandi kwenye seva; kwamba linapolipwa linafutwa, haliwekewi alama ya "limelipwa"; kwamba kila ukurasa unapofunguliwa huuliza toleo jipya kwanza, na simu ikipata mtandao nakala ya zamani inang'olewa papo hapo. Akasema pia kwamba walijaribu njia ya kuyafuta kwa miguu, sokoni, simu kwa simu, na hawataki mtu mwingine aipite.

Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa timu nyingine. Wetu walipata ya tatu, na fedha walizopewa zilinunua betri ya laptopu, na kilichosalia kilirudishwa kwenye kibeti changu kwa ajili ya yale mabando. Mzee jirani alimaliza deni lake mwezi uliofuata na chai alikunywa, vikombe viwili. Wabebaji wa baiskeli za magurudumu matatu wametuma mtu kuomba safu yao wenyewe, ya nauli, ili wateja waache kuwapunja. Mdogo wangu amewaambia watoto waanze nayo likizo ya Desemba, na kwamba safari hii atausoma yeye kila ukurasa kabla linki haijatoka nyumbani.